Vyuma vya Kinga Kuukuu na Namna ya Kujua Umri Wake

Katika misitu ya Shabunda, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, farasi hakuweza kuwa mnyama wa mizigo. Ndorobo hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe, na njia zenyewe ni za matope na mito. Mizigo ilikwenda kichwani na mgongoni mwa watu, halafu ikaja baiskeli, au kinga kama inavyoitwa Kivu. Kwa hiyo vyuma vya usafiri wa zamani vinavyopatikana huku si viatu vya farasi wala ekseli za mikokoteni. Ni fremu, rimu na minyororo ya kinga, na umri wake unaweza kusomwa na mtu anayejua pa kutazama.

Jina lililobandikwa kwenye fremu ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Karatasi yenye jina huuzwa sokoni na rangi hupakwa upya. Alama iliyokatwa ndani ya chuma chenyewe haibanduki. Gurudumu la meno la Raleigh, kiwanda kilichoanza Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, mara nyingi limekatwa umbo la ndege korongo. La Rudge lina kiganja cha mkono. Humber hutambulika kwa foku yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ambayo kila upande ina mirija miwili badala ya mmoja. BSA ilianza mwaka 1861 kama kampuni ya silaha ya Birmingham, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja.

Hata hivyo majina hayo yalihama mikono. Raleigh ilinunua Rudge mwaka 1943 na biashara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957. Tofauti huonekana pale ekseli ya pedeli inapopita ndani ya fremu. Hesi ya kawaida ya Kiingereza ina meno 24 kwa inchi, lakini Raleigh ilishikilia hesi yake ya meno 26. BSA yenye hesi ya meno 26 basi ilitoka Nottingham baada ya 1957, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ya babu yake kabla ya vita. Fremu ya Kifaransa, kama Peugeot, hupimwa kwa milimita, na vikombe vya Kiingereza vya kushikilia ekseli hiyo havikai humo. Fundi aliyewahi kulazimisha kikombe kisichoingia anaijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu.

Tarehe iliyo wazi kuliko zote iko kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, ikiwa kinga ina gia tatu za Sturmey-Archer. Gia aina ya AW ilianza mwaka 1936, na kiwanda kiligonga mwaka kwenye ganda la kitovu. Baadaye kikaongeza na mwezi. Penye AW, 56 na 10, kitovu hicho kilitengenezwa Oktoba 1956. Kifuniko cha tundu la mafuta husaidia pia: cha chuma ni cha zamani, cha plastiki kilikuja baadaye. Bahati mbaya, kinga nyingi za mizigo hazina gia, na vitovu vyake vya kawaida havisemi mwaka.

Hapo hutazamwa mng'ao wa madini yaliyopakwa juu ya chuma. Nikeli ina umanjano hafifu na hufifia. Kromu hung'aa kwa weupe wenye samawati. Kromu ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa adimu, na sehemu nyingi zilipakwa rangi nyeusi tu.

Umbo la jumla halisaidii sana. Breki za fimbo za chuma na rimu pana za inchi 28 ni muundo wa Kiingereza wa zamani, lakini viwanda vya Asia viliuendeleza kwa miaka mingi: Flying Pigeon ya Tianjin, China, tangu 1950, Atlas ya India tangu 1951, Hero ya Ludhiana, pia India, tangu 1956. Kinga ya Hero ya juzi inaweza kufanana na Raleigh ya kale kwa mbali.

Tena kinga ya mizigo haibaki nzima. Foku huvunjika, rimu hupinda, na fundi huweka alichonacho. Tarehe ya kitovu ni tarehe ya kitovu peke yake. Umri wa kinga huhesabiwa kwa fremu, na sehemu nyingine hupewa kila moja umri wake.

Anayetaka kusoma namba asianze na msasa wala mashine ya kusagia, kwa kuwa namba hizo zimegongwa kwa kina kidogo sana. Aloweke chuma kwa mafuta ya taa, afute kwa kitambaa, kisha asugue chaki juu yake. Unga mweupe utabaki ndani ya alama na tarakimu zitasomeka.