Dakika Kumi za Kwanza: Kuwaandaa Wafanyakazi wa Hoteli Kukabili Dharura

Saa tisa usiku, hoteli yenye wageni mia moja huwa mikononi mwa watu wachache mno. Meneja amelala nyumbani kwake, mpishi mkuu amekwisha kuondoka, na fundi umeme hupatikana kwa simu tu. Walio macho ni mlinzi wa getini, mhudumu wa mapokezi na pengine kijana mmoja wa usafi. Moshi ukianza kutoka jikoni, au mgeni akianguka ghafla kwa maumivu ya kifua, hao watatu ndio zimamoto, ndio waokoaji na ndio wauguzi mpaka msaada ufike. Mara nyingi hatima ya mgonjwa huamuliwa kabla hajafikishwa hospitalini.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ya hoteli dhidi ya dharura na maafa hayapimwi kwa unene wa jalada lililohifadhiwa ofisini. Hupimwa kwa jambo ambalo mfanyakazi wa cheo cha chini kabisa, aliye zamu usiku, anaweza kulifanya katika dakika kumi za kwanza bila kusubiri amri.

Moshi hutangulia moto

Tarehe 21 Novemba 1980, moto ulizuka asubuhi katika mgahawa mmoja ndani ya hoteli ya MGM Grand, mjini Las Vegas, Marekani. Chanzo chake kilikuwa hitilafu ya umeme. Watu 85 walipoteza maisha. Moto wenyewe uliteketeza hasa ukumbi wa kamari na maeneo ya chini, lakini wengi wa waliofariki walikutwa katika ghorofa za juu, mbali na miali. Moshi ulipanda kupitia mashimo ya lifti, ngazi na mianya ya jengo, ukawafikia vyumbani, kwenye korido na ngazini.

Kisa hicho kinaeleza jambo ambalo kila mfanyakazi wa hoteli na kila mtumishi wa afya anapaswa kulielewa. Katika moto wa ndani ya jengo, muuaji mkubwa ni moshi. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, hupatwa na kizunguzungu, huchanganyikiwa, kisha huzimia akiwa hana hata alama ya kuungua. Magodoro ya sponji na mapazia ya plastiki yanapoungua huweza pia kutoa sianidi, sumu inayozuia seli zisitumie oksijeni.

Kutokana na elimu hiyo hupatikana kanuni chache za utendaji. Milango ya korido na ya ngazi ifungwe nyuma ya watu wanapotoka, ili moshi usipate njia, lakini isifungwe kwa kufuli. Lifti isitumike. Anayepita kwenye moshi ainame karibu na sakafu, mahali ambapo hewa bado ni safi kidogo. Mgeni asiyeweza kutoka kwa sababu korido imejaa moshi abaki chumbani, azibe upenyo wa chini ya mlango kwa taulo lililoloweshwa, kisha ajionyeshe dirishani.

Hoteli nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki hazina ghorofa nyingi, bali zina mapaa ya makuti. Hatari yake ni ya namna nyingine. Makuti makavu hushika moto upesi, na upepo wa bahari hurusha vipande vinavyowaka kutoka banda moja hadi jingine. Hapo muda wa kuwaamsha wageni ni mfupi zaidi, na king'ora kinachosikika katika kila banda kina thamani kuliko ndoo kumi za mchanga. Jikoni nako, mafuta ya kukaangia yakiwaka yasimwagiwe maji kamwe, kwa kuwa maji huyatawanya mafuta yenye moto. Gesi izimwe ikiwa inafikika kwa usalama, kisha sufuria ifunikwe kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto.

Elimu iliyogeuka kuwa tendo

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilisababisha mawimbi ya tsunami yaliyoua zaidi ya watu 200,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Katika ufukwe wa Maikhao, kisiwani Phuket nchini Thailand, mtoto wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10, Tilly Smith, aliiona bahari ikitokwa na povu kwa namna isiyo ya kawaida. Akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa shuleni majuma machache kabla, akawasihi wazazi wake waondoke. Baba yake alimweleza mlinzi wa hoteli. Mlinzi hakupuuza. Watu waliondolewa ufukweni kabla wimbi halijafika, na hakuna aliyefariki hapo.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu mtoto, na anastahili sifa hizo. Hata hivyo, kwa mwenye hoteli funzo liko pia kwa mlinzi. Alikuwa na nafasi ya kusikiliza, na uwezo wa kuchukua hatua. Hoteli ambayo mlinzi wake ni lazima aombe ruhusa kabla ya kuwaondoa watu ufukweni imekwisha kupoteza dakika zake.

Mawimbi hayo yalichukua saa kadhaa kufika Afrika Mashariki, na yalisababisha vifo hata huku. Bahari ikijivuta ghafla na kuacha sakafu yake wazi, au tetemeko likidumu kwa muda mrefu, watu wapande mahali pa juu mara moja bila kusubiri tangazo.

Stadi ambazo kila mfanyakazi anazihitaji

Si kila dharura ya hoteli ni maafa makubwa. Zinazotokea mara kwa mara ni mtu mmoja kuzama bwawani, kupaliwa na chakula, kuungua jikoni au kuanguka kwa mshtuko wa moyo.

Mtu asiyeitika na asiyepumua kawaida aanze kukandamizwa kifua mara moja, katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Moyo uliosimama ghafla usipohudumiwa, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Ikiwa hoteli ina mashine ya kushtua moyo, iwekwe mahali pa wazi na isifungiwe kabatini, kwa kuwa huongoza mtumiaji kwa sauti.

Aliyezama ana upungufu wa oksijeni kabla ya jambo jingine lolote. Kwa hiyo huanza kupewa pumzi za kuokolea, kisha hukandamizwa kifua mara 30 na kupewa pumzi mbili kwa zamu. Desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumbinya tumbo ili maji yatoke iachwe. Humchelewesha kupata hewa, na huweza kusababisha matapishi kuingia mapafuni.

Aliyepaliwa na kushindwa kukohoa apigwe mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Kitu kisipotoka, abinywe tumbo kwa juu mara tano, na hatua hizo zirudiwe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habinywi tumbo, bali husukumwa kifuani. Jeraha la kuungua lipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na barafu visipakwe. Jeraha linalotoka damu nyingi likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia.

Stadi hizi hufundishwa kwa mikono. Anayezisoma bila kuzifanyia mazoezi huzisahau, na anayezifanyia mazoezi mara moja tu huzipoteza baada ya miezi michache. Kwa hiyo mafunzo yarudiwe, na yawafikie wafanyakazi wa msimu na vibarua, ambao ndio hubadilika kila mara.

Mpango unaofaa zamu ya usiku

Mpango mwema huweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Huonyesha nani anaita msaada, nani anawaamsha wageni, nani anakata umeme na gesi, nani anasimama barabarani kuelekeza gari la wagonjwa, na watu wakusanyike wapi. Namba za simu ziandikwe ukutani mapokezi. Nchini Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Orodha ya wageni iwe na nakala inayobebeka, ili wahesabiwe mahali pa kukusanyika. Orodha hiyo ionyeshe pia vyumba vya wasioweza kutembea wenyewe, wasiosikia na wenye watoto wachanga.

Mazoezi yafanyike angalau mara moja usiku, kwa idadi ileile ya watu walio zamu. Zoezi la mchana lenye wafanyakazi wote huonyesha picha nzuri, lakini halionyeshi ukweli.

Wajibu wa watumishi wa afya

Kituo cha afya kilicho jirani na hoteli kisisubiri kujulishana nayo siku ya msiba. Mganga mfawidhi anaweza kuitembelea, kujua idadi ya vyumba na njia ya kuingilia, na kuijulisha hoteli kile ambacho kituo chake kina uwezo nacho: oksijeni, damu, chumba cha upasuaji. Muuguzi mmoja anayefundisha wafanyakazi kumi anaongeza mikono ishirini katika huduma ya dharura ya eneo lake.

Majeruhi wa moshi wanapopokelewa, tahadhari moja ni ya lazima. Kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Aliyetoka kwenye moshi apewe oksijeni ya kiwango cha juu bila kungoja kipimo kishuke. Masizi puani, sauti ya kukwaruza na uvimbe mdomoni ni dalili kwamba njia ya hewa huenda ikaziba, rufaa isicheleweshwe.

Mgeni mwenye maradhi

Mgonjwa wa kisukari, pumu, kifafa au moyo anayesafiri anayo sehemu yake. Dawa za siku tatu zikae kwenye mkoba mdogo ulio karibu na kitanda, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa na namba ya ndugu. Si aibu kuieleza hoteli hali yake, na hoteli nayo ina wajibu wa kuitunza siri hiyo. Usiku wa kwanza, kila mgeni ahesabu milango kutoka chumbani kwake hadi ngazini. Gizani na kwenye moshi, hesabu hiyo ndiyo macho yake.

Baada ya tukio

Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ilishambuliwa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari. Walifariki Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Mara nyingi maafa ya hoteli huelezwa kwa uraia wa wageni, ilhali wenyeji wanaofanya kazi hapo ndio hubaki na majeraha, na hurudi kazini palepale walipowapoteza wenzao.

Mfanyakazi anayeshtuka usingizini, anayeogopa kupita mahali fulani au anayekasirika bila sababu majuma mengi baada ya tukio anahitaji msaada, wala si karipio. Asikilizwe bila kulazimishwa kusimulia, apewe mapumziko, na hali ikiendelea zaidi ya mwezi aelekezwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Kumwandaa mfanyakazi wa hoteli ni kumlinda mgeni, na ni kumlinda mfanyakazi mwenyewe. Mlinzi anayejua la kufanya saa tisa usiku ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa wengine, na ya kurudi nyumbani kwake salama kukipambazuka.