Takrima: ukarimu unapogeuka mtego wa kura

Takrima ni neno zuri. Maana yake ni kumkirimu mgeni: kumpa kiti, maji ya kunywa na chakula. Hakuna kijiji kinachoona ukarimu kuwa kosa. Lakini hapa Tanzania neno hili lilifikishwa mahakamani, na ni vizuri, msikilizaji, ujue kwa nini.

Ilianzaje?

Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi. Yakaongezwa maneno kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, hakitahesabiwa kuwa kosa. Wagombea wakapita mlango huo. Pilau, khanga, fulana, sukari na noti za kushikishwa mkononi, vyote vikaitwa takrima.

Tatizo liko wapi?

Nia iko moyoni, na moyo hauna mizani. Mgombea anapowagawia wazee sukari, anaweza kuamini kabisa kwamba anawapenda. Pengine anawapenda kweli. Lakini mapenzi hayo yanafika wiki chache kabla ya kura, yanafuatana na mpiga picha, na yanakwisha matokeo yakishatangazwa. Maslahi hayaji kwetu yakiwa na sura mbaya. Huja yamevaa wema.

Na sisi tunaopokea hatuko nje. Tunasema mgeni hakataliwi, kumbe jicho liko kwenye khanga.

Mahakama ilisema nini?

Mashirika matatu, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2005. Aprili 2006 majaji walitamka kwamba vifungu vya takrima vinakwenda kinyume na Katiba. Waliona vinambagua mgombea asiye na fedha, na vinafungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka ukomo wa fedha anazotumia mgombea.

Tuupimeje wema?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia mkono mtupu haulambwi. Mwenye kutafuta kura huhubiri methali ya kwanza huku akitumia ya pili. Basi tujiulize:

- Alikuwa akitusaidia kabla hajatangaza nia ya kugombea?
- Angetoa kama pasingekuwa na kamera wala kipaza sauti?
- Anawasaidia hata wale wa chama kingine?
- Tukimnyima kura, atatusalimia tena?

Majibu yakiwa hapana, hiyo si zawadi. Ni biashara, na bei yake tunailipa sisi. Kilo ya sukari inaisha ndani ya wiki. Diwani anakaa miaka 5, na katika miaka hiyo zahanati ikikosa dawa, atakuwa na jibu moja tu moyoni: hawa nilishawalipa.

La kukumbuka

Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa rushwa na anayepokea wote wana kosa. Ukiona zawadi zinagawiwa ili kununua kura, piga simu TAKUKURU namba 113, bila malipo. Na kama noti ilishapita mkononi mwako, usidhani umejifunga. Kura ni siri. Ukiwa kwenye kituturi uko peke yako, na huna deni la mtu.