Usimuulize Kama Wimbo Ni Mzuri

Kwaya moja ya huku kwetu Ilembula ilirekodi kwangu wimbo wa toba. Studio yangu ni chumba cha nyumbani tu: kompyuta, maikrofoni moja, spika mbili na bati juu, mvua ikianza tunaacha kazi tunakunywa chai. Nilipomaliza kumiksi niliwarushia watu kadhaa kwenye simu, nikawauliza, "Mnauonaje?" Wote wakajibu mzuri, hongera. Wawili wakaongeza, "Ila pandisha sauti za waimbaji." Nikapandisha. Wakasema tena mzuri.

Siku moja nikiwa Makambako nilimwamkia mama mmoja anayeuza viazi, nikampa simu asikilize. Safari hii sikumuuliza anauonaje. Nilimwomba anitajie kwaya inamwomba Mungu nini. Akaiweka simu sikioni, akatulia, akasema, "Wanaomba awasomeshe." Kisha kwa huruma, "Ada zinasumbua kweli, mwanangu."

Kwaya ilikuwa inaomba kusamehewa. Neno ni "utusamehe", yeye kasikia "utusomeshe".

Mkosaji alikuwa kayamba. Mchakacho wake unakaa juu, kuanzia kama hezi 5,000 kwenda mbele, palepale panapokaa s na sh za mwimbaji. Herufi h ya "he" ni pumzi tu. Kayamba likiangukia juu yake, pumzi inageuka "she". Sikio likishapata "meshe", yaliyobaki linajijazia lenyewe. Kupandisha waimbaji kama nilivyofanya hakukutosha, pumzi hiyo bado ilikuwa chini ya kayamba. Nilishusha kayamba desibeli 3, neno likarudi. Wale wawili walikuwa wameona pahala panapouma, ila dawa waliyotaja siyo. Wasikilizaji wengi wako hivyo, na si kosa lao. Kutafuta dawa ni kazi ya anayemiksi.

Huku kwetu mtu hamvunji mwenzake moyo machoni pake, kwa hiyo swali la "unauonaje" limeshajibiwa kabla hujauliza. Mpe msikilizaji kazi. Arudie maneno ya ubeti wa pili. Aseme ni chombo gani kilimshtua. Mtazame pia: akipunguza sauti ya simu wimbo ulipofika kiitikio, ameshakujibu. Ukitaka achague kati ya miksi mbili, zisawazishe kwanza ukubwa wa sauti, maana sikio hupenda iliyo juu hata kwa tofauti ndogo ya desibeli 1, na usimwambie ipi ni mpya. Wakati mwingine namchezea mtu miksi ileile mara mbili. Akiisifu ya pili kwa maneno mengi, najua maoni yake ya leo niyapime kwa uangalifu.

Kwa nini nisijiamini mwenyewe? Kwa sababu ya chumba. Changu kina urefu wa mita 3. Wimbi la sauti la hezi 57 hivi lina urefu wa mita 6, kwa hiyo nusu yake inaenea sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Katikati ya chumba besi hiyo inafifia, ukiegemea ukuta inavimba. Cheza noti hiyo kisha tembea, utaisikia ikija na kuondoka. Blanketi ukutani linapunguza mwangwi wa sauti za juu, besi inalipita kama halipo. Tena mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu husikia besi kwa shida zaidi kuliko sauti za katikati. Anayemiksi usiku kwa sauti ya chini ili asiamshe watoto hujaza besi bila kujua, na asubuhi sabufa ya jirani inamuumbua.

Studio kubwa za dunia zilipenda Yamaha NS-10, spika iliyotoka mwaka 1978 kwa matumizi ya nyumbani, si kwa uzuri wake bali kwa sababu haikuficha makosa. Sisi tuna simu, sabufa, basi la Njombe na honi za kanisani. Kila kimoja kinasema ukweli wa upande wake. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 60. Mtu akikuambia besi haipo kwenye simu, ukiipandisha, basi zima litatetemeka. Ikwaruze kidogo ili itoe sauti za juu yake, za hezi 120, 180 na 240. Sikio likizisikia hizo huihisi noti ya chini hata isipokuwepo. Honi nazo ni mono. Niliwahi kupanua kinanda kwa kugeuza wimbi la upande mmoja, kwenye hedifoni kikawa kitamu ajabu. Kwenye honi za kanisa, kushoto na kulia vikajumlishwa, vikafutana, kwaya ikabaki inaimba kavu.

Unapowapa watu wasikilize, tuma faili lenyewe. Ukiucheza wimbo mbele ya simu na kuurekodi kama ujumbe wa sauti, utaletewa malalamiko ya simu, si ya miksi yako.

Maoni yakija nayaandika daftarini na dakika yake: 1:42, kayamba. Watu watatu wasiojuana wakigusa sekunde ileile, nafungua kompyuta. Akiwa mmoja, nasubiri. Nabadilisha kitu kimoja kwa wakati na miksi ya zamani siifuti. Nimewahi kuirudia baada ya wiki mbili za "kurekebisha".

Wimbo ulipotoka, mpiga kayamba alikuja jioni. Amesikiliza mara tano, kayamba lake limepotea, hata mke wake kasema. Nilimmiminia chai, nikamwomba anitajie maneno ya kiitikio. Akayataja yote, sawasawa.