CD Iliyo Bubu

Watu wengi hudhani kwamba CD ikikataa kuimba basi haina kitu. Sivyo, na napenda kuwaeleza wasomaji sababu yake, maana nimeona kwaya moja ikitaka kutupa nyimbo zake za Pasaka kwa dhana hiyo.

CD husomwa na mwale wa leza kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha santuri ya gramafoni. Penye ukingo wa ndani huwapo orodha: nyimbo ni ngapi, na kila mmoja waanzia wapi. Mashine ya kupigia huitafuta orodha hiyo kwanza. Isipoiona haiendi mbele. Huonyesha kwamba hakuna CD, ingawa nyimbo zote zimo! Si ajabu, kwani mashine hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, kabla CD za kujirekodia hazijaletwa.

Sasa, mashine ya kurekodia haiandiki orodha mara moja, kwa kuwa haijui kama utaongeza wimbo kesho. Huacha pahali pake wazi, ikaweka hesabu ya muda ndani zaidi, ambako mashine za kawaida hazisomi. Kwa hiyo CD huimba vizuri katika mashine iliyoirekodi, lakini kwa jirani ni bubu.

Dawa ni kuifunga: orodha huandikwa, na alama ya mwisho huwekwa upande wa nje. Kama mashine ya kwanza imekwisha haribika, jaribu kompyuta yenye kuandika CD. Mara nyingi huweza kuisoma hesabu ile ya ndani.