Kijana Anaporejeshwa Kutoka Kambini kwa Sababu za Afya: Wajibu wa Familia na Huduma Zilizopo Katani

Kila mwaka vijana kutoka kata zetu huondoka kwenda katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wapo wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, na wapo wanaojiunga kwa kujitolea baada ya kuomba na kusailiwa kupitia ofisi za wilaya na mkoa. Walio wengi humaliza mafunzo wakiwa na afya njema. Wachache huugua au huumia wakiwa mafunzoni, na waganga wa kikosi huona kwamba hawawezi kuendelea. Makala haya yanawahusu hao wachache, pamoja na wazazi, walezi na majirani wanaowapokea.

Jambo hili linastahili kuelezwa mapema kwa sababu familia nyingi hupata habari kwa simu, ghafla, na hutoa ushauri kwa haraka. Ushauri huo, hata ukitolewa kwa mapenzi, unaweza kumgharimu kijana mguu wake au jina lake jema.

Kwa nini mwili wenye afya hulemewa

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kijana anayeripoti kambini huingia ghafla katika maisha mapya: kuamka alfajiri, mchakamchaka, kwata, kazi za mikono na saa chache za usingizi. Aliyekuwa akikaa darasani siku nzima hujikuta akikimbia kila siku.

Mfupa ni kitu hai. Unapobebeshwa mzigo mpya, huanza kujijenga upya ili uuhimili, na kazi hiyo huhitaji muda na mapumziko. Mzigo ukizidi kasi ya kujijenga, hutokea nyufa ndogo sana, hasa katika muundi na katika mifupa ya wayo. Maumivu ya namna hii yalielezwa mwaka 1855 na Breithaupt, daktari wa jeshi la Prusia, aliyewaona askari wake wakivimba miguu baada ya safari ndefu. Hiyo ilikuwa miaka 40 kabla ya kugunduliwa kwa mionzi ya eksirei. Ni tatizo la majeshi yote duniani, wala si dalili ya uvivu wa kijana wa leo.

Dalili yake ni maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanayozidi wakati wa kukimbia na kupungua wakati wa kupumzika. Yakipuuzwa, huendelea hata usiku. Picha ya eksirei ikipigwa katika wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa wowote. Kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba kijana anajifanya. Nyufa nyingi hupona kwa mapumziko ya wiki 6 hadi 8. Kwa mafunzo ya miezi michache, muda huo ni sehemu kubwa mno ya kozi, na hapo ndipo uamuzi wa kumrejesha kijana hueleweka. Maumivu ya kinena yahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ufa katika shingo ya mfupa wa paja unaweza kuwa mvunjiko kamili.

Yapo pia maradhi yaliyokuwa yamejificha kabla ya kijana kuondoka nyumbani. Pumu huweza kuamshwa na vumbi na mbio. Kifafa huweza kujitokeza baada ya kukosa usingizi. Matatizo ya moyo na selimundu huweza kuwa hatari wakati wa mazoezi makali kwenye joto. Vilevile yapo maradhi ya akili, kama vile sonona, ambayo hayaonekani kwa macho lakini ni maradhi kamili.

Ushauri wa aina mbili usiofaa

Ushauri wa kwanza ni ule wa kumwambia kijana ajikaze na anyamaze. Mara nyingi nyuma yake kuna nauli iliyokopwa, mbuzi aliyeuzwa, au hafla ya kumuaga iliyohudhuriwa na mtaa mzima. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Ufa ambao ungepona kwa wiki chache huweza kugeuka kuwa mvunjiko unaohitaji upasuaji, na kijana akarudi akiwa na ulemavu ambao ungeepukika.

Ushauri wa pili ni kinyume chake: kumwambia aondoke arudi nyumbani usiku huohuo. Kuondoka kambini bila ruhusa ni utoro, na utoro ni kosa la kinidhamu. Mgonjwa anayetoroka hupoteza haki ya kutambuliwa kuwa mgonjwa. Kumbukumbu zitamtaja kuwa mtoro.

Njia iliyo sahihi iko katikati. Kijana aripoti maumivu kwa kiongozi wake wa kombania na kwenda zahanati ya kikosi mapema. Aeleze ukweli wote, pamoja na maradhi aliyowahi kuugua utotoni. Avumilie mpaka uamuzi utolewe rasmi. Mzazi anayetaka ufafanuzi asimtume mtoto kubishana na afande wake. Afike katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, amwone Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, naye atamwelekeza namna ya kuwasiliana na kikosi.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kuondoka kambini

Kijana akishaambiwa kwamba atarejeshwa, aombe kwa adabu mambo manne.

Kwanza, barua au hati inayoonyesha kwamba ameruhusiwa kuondoka na kwamba sababu ni afya.

Pili, maelezo ya matibabu: ugonjwa uliogunduliwa, dawa alizopewa, na picha za eksirei ikiwa zilipigwa.

Tatu, ufafanuzi kama uamuzi ni wa kudumu au ni wa muda, na iwapo anaweza kuomba tena atakapopona. Majibu ya maswali haya hutofautiana kulingana na ugonjwa, hivyo yaulizwe pale pale.

Nne, vyeti vyake vya shule na nyaraka nyingine alizozikabidhi wakati wa kuripoti.

Nyaraka hizi zitunzwe pamoja. Familia itoe nakala na kuhifadhi nakala hizo mahali tofauti na zilipo hati halisi.

Akifika nyumbani: huduma zilizopo

Hatua ya kwanza ni matibabu. Katika siku chache za mwanzo kijana apelekwe zahanati au kituo cha afya cha kata akiwa na maelezo kutoka kambini, ili apewe rufaa ya hospitali ya wilaya ikihitajika. Asianze kulima, kubeba mizigo wala kucheza mpira kabla mganga hajamruhusu, hata kama maumivu yametulia. Familia isiyo na uwezo wa kugharamia matibabu imwone Afisa Ustawi wa Jamii ikiwa na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji au mtaa, ili hali yake itathminiwe. Afisa huyo pia hutoa unasihi kwa kijana anayekosa usingizi, anayejitenga au anayesema maneno ya kukata tamaa. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni utani.

Hatua ya pili ni masomo. Kijana aliyeitwa kwa mujibu wa sheria alikwisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kabla ya kuripoti kambini, na matokeo yake hayabadiliki kwa kuwa ameugua. Afuatilie udahili wa chuo na maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa tarehe zilezile zinazowahusu wenzake. Muda wa maombi haumsubiri mgonjwa, hivyo mzazi amsaidie kufuatilia.

Hatua ya tatu ni kazi. Kijana aliyejitolea kwa matumaini ya kupata ajira ajue kwamba mafunzo ya JKT kwa kujitolea hayana ahadi ya ajira hata kwa wanaoyamaliza. Vyuo vya VETA hutoa stadi za ufundi, na zipo zinazomfaa mtu asiyeweza kusimama au kukimbia kwa muda mrefu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hueleza namna ya kuunda kikundi na kuomba.

Neno kwa majirani

Sehemu ya uponyaji iko katika vinywa vyetu. Kijana aliyerejeshwa kwa ugonjwa hakufukuzwa wala hakushindwa jeshi. Aliitika wito, akafanya mafunzo mpaka mwili wake ukakataa, kisha akarudi kwa ruhusa ya wakubwa wake. Si haki aitwe mtoro, wala kuvumishwa kwamba amerogwa. Ipo sababu nyingine ya kuchunga ndimi zetu: vijana watakaokwenda mwakani wanasikiliza. Wakiona mwenzao anadhihakiwa, wao wataficha maumivu yao.

Wazazi wenye vijana wanaojiandaa kuripoti wanashauriwa kuwapeleka kupimwa afya mapema, kuwahimiza waanze mazoezi kidogo kidogo wiki kadhaa kabla, na kuwatafutia nauli ya kwenda na kurudi kama maelekezo ya wito yanavyotaka. Nauli ya kurudi ihifadhiwe bila kuguswa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni lini itahitajika. Kwa maelezo zaidi, wananchi wafike katika ofisi ya Mtendaji wa Kata siku za kazi.