Je, mashine itapata bega la mchuma chai?

Ikiwa umewahi kusafiri kutoka Embu hadi Meru, huenda umewaona wachuma chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Lakini je, umewahi kulitazama bega la mmoja wao? Mkono huenda mbele kuchuma, kisha huzunguka na kutupa majani nyuma, ndani ya kikapu kilicho mgongoni. Mwenyewe hageuki hata kidogo.

Siri ni kiungo cha bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira, nacho hukaa katika kijibakuli cha mfupa mwingine. Hivyo mkono huweza kuelekea kila upande.

Roboti hazina bahati hiyo. Mota ya kawaida, kama ile ya feni, huzunguka kwa mhimili mmoja tu. Ili roboti ipate bega, wahandisi huunganisha mota tatu, na mkono huwa mzito.

Ndiyo maana baadhi yao wanaunda mota ya tufe. Hili ni tufe lenye sumaku, lililozingirwa na sumaku za umeme. Kompyuta huwasha hii na kuzima ile, nalo tufe hugeukia upande wowote.

Mota hiyo ina kazi angani pia. Setilaiti hugeukaje ilhali haina barabara wala hewa ya kusukuma? Jaribu mwenyewe: keti kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, inua miguu, kisha rusha mikono kulia kwa ghafla. Kiti kitaelekea kushoto. Setilaiti nyingi hugeuzwa vivyo hivyo na magurudumu yanayozunguka ndani yake.

Gurudumu likikwama, taabu huanza. Darubini ya Kepler, iliyorushwa na Marekani mwaka wa 2009, ilikuwa na magurudumu manne. Moja liliharibika 2012, jingine 2013, na kazi yake ya awali ikakoma. Taasisi ya CSEM nchini Uswisi imeunda tufe moja linaloelea kati ya sumaku bila kugusa chochote, ili lichukue nafasi ya magurudumu hayo.

Yakuhusu nini? Kenya ilirusha setilaiti ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, na miongoni mwa shabaha zake ilikuwa kumsaidia mkulima kwa picha. Kamera isiyoelekezwa vyema haimfai mkulima.

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Mwezi wa Mei 2023, waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuma chai wakilalamika kuwa zinawanyima kazi. Kwa wakulima wadogo wa Embu na Meru, chai bado huchumwa kwa mkono, na karo za watoto wengi hutoka kikapuni humo.

Mota za tufe bado ziko maabarani zaidi, kwani kuziongoza kwahitaji hesabu ngumu. Basi wewe mwanafunzi, usiidharau fizikia. Siku mashine itakapopata bega, heri aliyeiunda awe mtu anayemjua mchuma chai.