Kwa nini chupa ya soda husinyaa kwa maji ya moto?

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chupa ya plastiki iliyokwisha soda haitupwi upesi. Huoshwa, ikatiwa mafuta ya kula, maziwa au maji ya kunywa. Lakini mtu akiimiminia chai iliyotoka jikoni wakati huo huo, chupa hiyo husinyaa mbele ya macho yake, ikajikunja na kupinda, na pengine ikamwagia mkono.

Ajabu ni kwamba plastiki yenyewe haikuyeyuka. Aina hii, ambayo wataalamu huiita PET, huyeyuka karibu na nyuzi joto 250 za Sentigredi, hali maji yachemkayo hayapiti 100. Tena, PET hiyo hiyo hutengenezewa sahani za chakula zinazoingizwa katika joko na kutoka salama.

Tofauti imo katika namna molekuli zake zilivyopangika, na mpango huo huamuliwa na mambo mawili: kuvutwa na joto.

Kamba ndani ya kapu

PET ni polima, yaani molekuli zake ni ndefu mno, kila moja mfano wa mnyororo wa pingili zinazojirudia. Ikiyeyushwa kisha ikapozwa ghafla, minyororo hiyo huganda ilivyo, imesokotana kama kamba za mvuvi zilizotupwa ovyo ndani ya kapu. Plastiki ya hali hiyo hupitisha nuru kama kioo.

Ikipozwa polepole, minyororo hupata nafasi ya kulala sambamba, kunjo juu ya kunjo, na hapo huzaliwa fuwele. Hata hivyo PET haigeuki fuwele yote; kati ya fuwele moja na nyingine hubaki sehemu zilizosokotana.

Joto ndilo linalotoa ruhusa. Chini ya nyuzi 70 hivi minyororo imekwama, haisogei. Juu ya 250 hutapanyika kwa kuyeyuka. Katikati ya mipaka hiyo fuwele huota, na huota kwa kasi kuliko kwingine karibu na nyuzi 170. Zikiachwa ziote bila kuvutwa, hutanuka kutoka kitovu kimoja na kuwa vijitufe vinavyotawanya nuru. Plastiki hugeuka nyeupe kama maziwa, ngumu, lakini nyepesi kuvunjika.

Kuvuta kunaleta jambo jingine kabisa. Minyororo ikivutwa hunyooka na kuelekea upande mmoja, nusu ya kazi ya kujipanga ikawa imekwisha fanywa. Fuwele hutokea upesi, tena kwa wingi, lakini huwa ndogo mno hata haziisumbui nuru. Ndiyo maana chupa huwa imara na bado mtu huona kilichomo.

Nguvu hii ya kuvuta ilionekana mapema. Mwaka 1930, katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, mkemia Julian Hill alivuta nyuzi kutoka katika poliesta iliyoyeyuka, akagundua kuwa uzi uliopoa ukivutwa tena hurefuka mara kadhaa na kuwa na nguvu zaidi. Poliesta ile iliyeyuka kwa joto dogo mno, haikufaa kwa nguo. PET yenyewe ilitengenezwa na Waingereza John Rex Whinfield na James Dickson mwaka 1941, na hataza ya chupa yake ilitolewa mwaka 1973 kwa Nathaniel Wyeth, mhandisi wa DuPont na ndugu yake mchoraji mashuhuri Andrew Wyeth.

Kiwandani

Chupa ya soda huanza ikiwa kijibomba kinene, kifupi, chenye hesi za kifuniko tayari. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 100, kijiti kikakisukuma kwa urefu, na hewa yenye shinikizo kubwa ikakipuliza kwa upana mpaka kikakutana na kuta baridi za kalibu. Hapo minyororo, iliyokwisha kuvutwa pande zote mbili, hukamatwa kabla haijarudi ilikotoka.

Neno lenyewe ni hilo: hukamatwa. Fuwele ni kama robo tu ya ukuta wa chupa. Sehemu iliyobaki imevutwa lakini haikutulia, na kinachoizuia ni ubaridi peke yake. Chai ya moto huvuka mpaka wa nyuzi 70, minyororo ikafunguliwa na kurudi kujikunja. Kwa hiyo tumbo ndilo linalosinyaa zaidi. Shingo, ambayo haikuvutwa, hulegea na kupinda tu.

Viwanda vya juisi inayotiwa chupani ikiwa moto vimelikwepa tatizo hili kwa joto lenyewe. Chupa iliyopulizwa hushikiliwa kidogo katika kalibu ya moto, fuwele zikaongezeka na minyororo ikalegeza mvuto wake. Baadhi ya chupa hizo zina shingo nyeupe. Weupe huo si rangi, bali ni fuwele zilizooteshwa makusudi ili shingo isipinde. Sahani za joko nazo hupewa fuwele nyingi kwa njia ya joto.

Wanaosafisha maji kwa kulaza chupa angavu juani kwa saa sita, njia iliyojaribiwa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, hawana haja ya kuhofia umbo la chupa. Kwa kawaida maji hayo hayafiki nyuzi 70, ingawa kupita 50 huharakisha kufa kwa vijidudu.

Chai ni shauri jingine. Mbali na kuungua mkono, antimoni inayotumika kiwandani kama kichocheo cha kuundia PET huvuja zaidi ndani ya kinywaji kadiri joto linavyopanda. Kwa safari, chupa ya chai bado ni ile ya kuhifadhia joto.